Dawa za mzee Marekani: Extra Help, MSP, mpango wa jimbo, kampuni ya dawa au kadi ya punguzo?

Mama mkwe wangu alikuwa na kisu kidogo cha matunda alichokitengea kazi moja tu: kukata vidonge vya presha. Nusu leo, nusu kesho. Nilipomkuta nacho mezani hakuona haya wala hakukificha. "Mwanangu," akaniambia, "chupa ya mwezi mmoja nikiikata inanifikisha miezi miwili. Hesabu gani hapo ni ngumu?" Hesabu yake ilikuwa sawa. Presha ndiyo iliyokataa kugawanyika kwa mbili.

Hiyo ni Marekani, nchi ambayo mzee mwenye kadi ya Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, mkononi bado anaweza kusimama kaunta ya famasi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Tangu siku ile nimejaza fomu za wazee wengi, wa ukoo na wasio wa ukoo, na kosa moja nimelikuta karibu kila nyumba: watu huanza na msaada ulio rahisi kuupata badala ya ule ulio mkubwa. Kadi ya punguzo unaipakua kwenye simu kwa dakika mbili, basi wanaishikilia hiyo. Extra Help, msaada wa serikali kuu wa kulipia dawa, inadai fomu na kusubiri barua, basi inawekwa kando "mpaka tupate nafasi". Nafasi haipatikani, na mzee anaendelea kulipa.

Nalinganisha njia hizi hapa, lakini sitajifanya kwamba zina uzito mmoja. Takwimu nilizoweka ni za mwaka 2025, hata pale ninapoziandika kana kwamba ni za leo. Nyingi hupanda kidogo kila mwaka, kwa hiyo mzee aliyezidi kiwango kwa dola chache asijikatie tamaa mwenyewe. Aombe, wamkatalie wao.

Medicare peke yake inafika wapi

Medicare ilianzishwa mwaka 1965, na kwa miaka 40 dawa za kumeza nyumbani kwa sehemu kubwa hazikuwa jukumu lake. Part D, sehemu inayolipia dawa, ilianza tarehe 1 Januari 2006. Mipango yake inauzwa na kampuni za bima, kila mmoja na ada yake ya mwezi na orodha yake ya dawa. Mpango unaweza kukutaka ulipe mwenyewe hadi dola 590 za mwanzo wa mwaka kabla haujatoa chochote, kisha ukachangia sehemu ya bei ya kila dawa.

Sheria ya mwaka 2022 ilileta nafuu mbili za maana. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi tangu Januari 2023. Na kuanzia 2025, gharama ikifika ukomo wa mwaka, uliokuwa dola 2,000 mwaka huo, kwa dawa zilizo kwenye orodha ya mpango wako, hulipi tena mpaka mwaka uishe. Watu wakasikia "ukomo wa dola 2,000" wakadhani tatizo limekwisha. Kwa mstaafu wa kipato cha kati ni nafuu kubwa kweli. Kwa mjane anayeishi kwa dola 1,450 kwa mwezi, dola 2,000 ni hundi nzima ya mwezi mmoja na zaidi ya theluthi ya hundi nyingine. Upo pia mpango mpya wa kulipia dawa kidogo kidogo kila mwezi, ambao mipango yote ya Part D inalazimika kuutoa. Huo haupunguzi hata senti moja. Deni ni lile lile, limekatwa vipande tu. Kwa mzee wa kipato kidogo nauweka mwisho kabisa wa foleni.

Extra Help

Kwenye barua nyingine utaona herufi LIS. Ni kitu kilekile. Huu ni msaada wa serikali kuu unaokaa juu ya Part D na kuifuta karibu yote yanayouma: zile dola 590 za mwanzo zinaondoka, ada ya mwezi inaondoka ukichagua mpango usiozidi kiwango kilichowekwa kwa jimbo lako, faini ya kuchelewa kujiunga na Part D inaondoka, na kaunta unalipa si zaidi ya dola 4.90 kwa dawa ya jeneriki (isiyo na jina la kibiashara) au dola 12.15 kwa dawa ya chapa (yenye jina la kampuni).

Masharti ni mawili. Kipato cha mwaka kiwe chini ya dola 23,475 kwa aliye peke yake, au dola 31,725 kwa mume na mke wanaoishi pamoja. Akiba isizidi dola 17,600 kwa mmoja au 35,130 kwa wawili, na ndani yake zimehesabiwa dola 1,500 kwa kila mtu za mazishi.

Hapa kwenye akiba na kipato ndipo wazee wetu wanapojikosesha wenyewe, kwa sababu wanaandika kila kitu kwa uaminifu wa kupita kiasi. Nyumba unayoishi haihesabiwi. Gari halihesabiwi. Vyombo, vito vya ndoa, bima ya maisha, havihesabiwi. Msaada wa chakula wa serikali hauhesabiwi. Na lililo kubwa kwa familia zetu: mtoto anayekulipia pango, umeme na chakula, huo si kipato chako. Nilikaa na mzee mmoja aliyeandika kuwa ana dola 600 za ziada kila mwezi. Nikamuuliza, baba, hizi zinatoka wapi? Akanionyesha chumba tulichokaa: "Si kijana ananipa chumba hiki? Nimekadiria." Alikuwa amejipangishia chumba cha mwanawe kwenye fomu ya serikali.

Kuna upande mwingine wa jambo hilo. Bibi anayelea wajukuu walio nyumbani kwake na kuwatimizia angalau nusu ya mahitaji yao, hao wanahesabiwa kama watu wa kaya yake, na kiwango chake cha kipato kinapanda. Wengi hawawaandiki kwa sababu fomu inaonekana kama ya mtu mmoja.

Zamani Extra Help ilikuwa na daraja mbili, kamili na nusu, na aliyepata nusu aliendelea kulipa asilimia ya bei. Tangu Januari 2024 nusu imefutwa. Anayefuzu anapata kamili. Aliyekuwa na nusu alipandishwa hadi kamili bila kuomba. Na mzee aliyekataliwa mwaka 2022 au 2023 asiishie kusema "mimi nilishaomba"; ajaribu upya.

Na kuna hili ambalo lilimtia hofu mama mkwe. Mwezi mmoja katikati ya mwaka mfamasia alimpa mfuko wake akamwambia hadaiwi. Yeye hakuupokea. Akasimama pale na noti zake mkononi, akiamini kuna mtu amekosea na kwamba kosa hilo litarudi kumdai. Halikuwa kosa. Katika kuhesabu ule ukomo wa dola 2,000, fedha ambazo Extra Help inamlipia mzee nazo zinahesabiwa kana kwamba ametoa yeye. Mwenye dawa ya chapa ya bei kubwa anaweza kufika ukomo ndani ya miezi michache huku mfukoni ametoa dola chache tu, na kuanzia hapo ni sifuri hadi Desemba.

Udhaifu wake? Dawa lazima iwe kwenye orodha ya mpango wa Part D uliouchagua. Extra Help haiongezi dawa kwenye orodha. Lakini mwenye Extra Help anaruhusiwa kuhamia mpango mwingine wa dawa pekee mwezi wowote wa mwaka, wakati wengine wanasubiri dirisha la Oktoba 15 hadi Desemba 7.

MSP: mlango wa pembeni

Medicare Savings Programs, kwa kifupi MSP, zinatolewa na ofisi ya Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya jimbo, na ukizisoma harakaharaka utasema hazihusiani na dawa. Kazi yake ni kukulipia ada ya Part B, sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi na kwa wengi hukatwa kwenye hundi kabla haijawafikia. Ila kuna kifungu kinachobadilisha hesabu nzima: aliyekubaliwa MSP ya daraja lolote anapewa Extra Help moja kwa moja, bila fomu nyingine.

Madaraja matatu yanayowahusu wazee wengi ni QMB kwa kipato cha hadi dola 1,325 kwa mwezi kwa mtu mmoja (1,783 kwa wawili), SLMB hadi 1,585 (2,135), na QI hadi 1,781 (2,400). QMB ndiyo nene kuliko zote: inalipa pia sehemu yako ya gharama za daktari na hospitali, na daktari wa Medicare haruhusiwi kukutumia bili ya sehemu hiyo. Akiba kwa kawaida isizidi dola 9,660 kwa mmoja au 14,470 kwa wawili.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu, Extra Help ina sharti la akiba lililo legevu zaidi, MSP ina malipo makubwa zaidi. Mzee mwenye dola 12,000 benki katika jimbo linalofuata kiwango cha kawaida atakosa MSP lakini atapata Extra Help. Lakini yako majimbo yaliyoondoa kabisa sharti la akiba kwenye MSP. New York, Arizona, Alabama na Connecticut ni miongoni mwao. Huko mambo yanageuka. Mzee mwenye dola 25,000 benki na kipato kidogo angekataliwa Extra Help kwa fomu ya Social Security, idara ya serikali kuu ya mafao ya uzeeni inayopokea maombi hayo, kwa sababu amezidi 17,600. Akipitia MSP, jimbo haliulizi akiba, linamkubali, na Extra Help inamfuata nyuma yake yenyewe. Mzee ni yule yule na benki ni ile ile, ila amepita mlango mwingine. Hii ndiyo sababu ninamwuliza kila mtu jimbo lake kabla sijamwuliza dawa zake.

Hofu inayowazuia wazee wengi kugusa chochote chenye jina Medicaid ni nyumba: "Nikifa watakuja kuichukua." Hofu hiyo ina asili yake, maana majimbo hudai mali ya marehemu kwa baadhi ya huduma za Medicaid, hasa za nyumba za kutunzia wazee. Kwa malipo ya MSP, madai hayo yaliondolewa tangu mwaka 2010.

Si lazima uchague moja uiache nyingine. Fomu ya Extra Help, SSA-1020, ukiituma Social Security, taarifa zako zinapelekwa kwenye ofisi ya jimbo kuanzisha ombi la MSP, isipokuwa umeweka alama kwenye kisanduku cha kukataa. Kisanduku hicho usikiguse. Na kama una muda wa kwenda ofisi ya jimbo mwenyewe, nenda. Majibu ya huko nimeona yakitofautiana sana kwa kasi.

Mjane mmoja, njia nne

Chukua mjane wa dola 1,450 kwa mwezi, akiba dola 4,000, anatumia dawa mbili za jeneriki za presha na kolesteroli, insulini, na dawa ya chapa ya kuzuia damu kuganda.

Akibaki na Part D tupu, jipe picha ya dola 2,000 kwa mwaka pamoja na ada ya mpango, kwa sababu ile dawa ya damu peke yake inaweza kumsukuma karibu na ukomo.

Akiwa na Extra Help: dola 4.90 mara mbili, dola 12.15 kwa insulini, dola 12.15 kwa dawa ya damu. Jumla dola 34.10 kwa mwezi, na pengine sifuri mwaka ukisonga.

Akiwa na MSP: kipato chake kimezidi QMB lakini kiko ndani ya SLMB. Dawa ni zilezile dola 34.10, kwa sababu Extra Help imekuja nayo, lakini hundi yake inaongezeka dola 185 kila mwezi. Kwa mwaka ni dola 2,220. Tena SLMB na QI zinaweza kurudi nyuma hadi miezi mitatu kabla ya ombi, kwa hiyo mara nyingi kuna marejesho.

Akiwa na kadi ya punguzo tu, zile jeneriki mbili zinaweza kuwa rahisi kabisa, pengine chini ya dola 4.90. Dawa ya damu itamshinda. Na kila senti anayolipa kwa kadi hiyo haihesabiwi kwenye ule ukomo wa Part D.

Mbele ya mfano huu sioni ubishi wa wapi pa kuanzia.

Kuhusu Medicaid kamili, ukiipata ni bora kuliko zote: aliye chini ya mstari wa umaskini analipa dola 1.60 kwa jeneriki na 4.80 kwa chapa, na anayeishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kwa gharama ya Medicaid halipi kitu. Masharti yake ya akiba katika majimbo mengi ni makali mno, na hapo ndipo wengi wanapoishia MSP.

Mipango ya majimbo

Hii inategemea unaishi wapi, na majimbo mengi hayana kitu. Penye kitu, panaweza kuwa pazuri sana kwa yule aliyezidi Extra Help kidogo tu, yaani mzee ambaye serikali kuu inamwona tajiri na famasi inamwona maskini.

Pennsylvania ina PACE tangu 1984, na fedha zake zinatoka kwenye bahati nasibu ya jimbo. (Waliocheza wakakosa wamewanunulia wazee dawa, sijui kama wanajua.) Ni kwa mwenye miaka 65 na zaidi aliyekaa jimboni angalau siku 90. PACE yenyewe ni kwa kipato cha hadi dola 14,500 kwa mmoja, na PACENET inamchukua anayezidi hapo hadi dola 33,500. Kwa wenye ndoa PACENET inafika 41,500. Unalipa dola 6 na 9 kwenye PACE, dola 8 na 15 kwenye PACENET. Akiba haiulizwi. New Jersey ina PAAD, dola 5 kwa jeneriki na dola 7 kwa chapa. New York ina EPIC, inayofika mbali kwa kipato: dola 75,000 kwa mmoja, 100,000 kwa wenye ndoa, ila lazima uwe na Part D.

Usiitumie mipango hii kama mbadala wa Extra Help kama unafuzu kwa Extra Help. Mingi inafanya kazi juu yake, na baadhi ya majimbo yenyewe yatakutaka uombe Extra Help kwanza.

Kampuni ya dawa yenyewe

Kampuni nyingi kubwa zina mpango wa kumpa mgonjwa dawa bure au kwa bei ndogo. Kwa dawa ya chapa ya bei ya kutisha, ambayo haimo kwenye orodha ya mpango wowote, hii inaweza kuwa njia pekee. Nimeona ikimwokoa mtu. Nimeona pia ikimchosha mtu: daktari lazima ajaze sehemu yake na kutia saini, karatasi za kipato zinatumwa, dawa inafika kwa posta au kwa daktari baada ya wiki kadhaa, na kila mwaka mnaanza upya. Msaada huu uko nje ya Part D, hauhesabiwi kwenye ukomo. Ni wa dawa moja tu. Mwenye dawa nne za kampuni nne ana fomu nne. Na baadhi ya kampuni zitakudai barua ya kukataliwa Extra Help kabla hazijakusikiliza, kwa hiyo hata huku unaishia kurudi pale pale pa kuanzia.

Kuna mtego mmoja. Zile kuponi za kampuni zinazotangazwa kwenye televisheni, "lipa kidogo kuliko unavyodhani", ni za wenye bima binafsi. Sheria ya serikali kuu dhidi ya hongo katika huduma za afya inazizuia kutumika pamoja na Medicare.

Kadi ya punguzo na famasi za mtandaoni

Nimeisema vibaya vya kutosha, niitendee haki. Kwa dawa moja au mbili za jeneriki, kwa mtu asiye na Extra Help, mara nyingi bei ya kadi ni ndogo kuliko ya bima yake mwenyewe. Hakuna fomu wala anayeuliza akiba. Hata famasi ya mtandaoni ya bilionea Mark Cuban, Cost Plus Drugs iliyoanza 2022, inafanya kazi kwa mtindo ulio wazi: bei ya kununulia, asilimia 15 juu yake, dola 5 za kazi ya famasi, na usafirishaji.

Lakini kadi inatumika badala ya bima, si pamoja nayo. Famasi moja, nisiyoitaja, iliwahi kuingiza kadi ya punguzo ya mama mkwe kwa dawa zote kwa miezi mitatu kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye mfumo wao, wakati Extra Help yake ilikuwa hai. Tulikuja kugundua kwa kusoma risiti: pale penye jina la bima palikuwa na jina la kadi. Tangu hapo naangalia mstari huo kabla sijaangalia bei. Mwenye Extra Help amwambie mfamasia waziwazi aanze na bima.

Asiye na Medicare

Hapa mpangilio wangu wote unapinduka. Mzazi aliyeletwa na mwanawe kwa grini kadi, bila historia ya kazi Marekani yake au ya mwenzi wake, anahitaji miaka mitano ya kukaa mfululizo kabla ya kuruhusiwa kujiunga na Medicare kwa kuilipia. Kwa miaka hiyo Extra Help haimhusu, maana hakuna Part D ya kuikalia.

Kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebana zaidi. Ambaye bado hajapata grini kadi haruhusiwi tena kujiunga na Medicare, na aliyekuwa nayo tayari ataipoteza miezi 18 baada ya sheria hiyo, yaani mwanzoni mwa Januari 2027. Medicaid kwa kundi hilo inabanwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Mkimbizi huomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini. Mzee wenu aliyeiahirisha kwa sababu "nimeshazeeka, ya nini" aambiwe kwamba sasa ina uhusiano wa moja kwa moja na chupa zake za dawa.

Kwa watu hawa, anza na vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu. Vinatakiwa kutoza kwa kipimo cha kipato kwa asiyezidi mara mbili ya mstari wa umaskini, yaani dola 31,300 kwa mtu mmoja mwaka 2025, na vingi vinanunua dawa kwa bei ya chini kutoka viwandani chini ya sheria ya mwaka 1992. Si kila kituo kina famasi yake, kwa hiyo uliza hilo kwa simu kwanza. Kisha kadi ya punguzo kwa jeneriki, kisha kampuni ya dawa kwa ile moja ya chapa.

Barua, ambazo ndizo zinazouangusha msaada

Njia yoyote utakayochagua, ulinganishe pia na nani atakayesoma barua. Kadi ya punguzo haina barua. Kampuni ya dawa ina moja kwa mwaka. Extra Help na MSP zina nyingi, na nimeona wazee wengi wakipoteza msaada kwa bahasha iliyofungwa kuliko kwa kipato kilichoongezeka.

Rangi zinasaidia. Karatasi ya zambarau kutoka Medicare inasema umepata Extra Help moja kwa moja; itunze, ukiionyesha famasi ambako mfumo bado haujasoma msaada wako, mpango wako unatakiwa kuikubali kama uthibitisho. Ya bluu inasema unahamishiwa mpango mwingine mwaka ujao, kwa hiyo angalia kama dawa zako zimo. Ya kijivu, inayokuja mwezi Septemba, ndiyo ya kuogopa: Extra Help uliyokuwa ukipata moja kwa moja inakoma Desemba 31, na lazima ujaze fomu mwenyewe ili uendelee. Ya mama mkwe tuliikuta Februari. Alikuwa ameitandika kwenye droo ya vijiko, kwa sababu karatasi yake ni nzuri, nzito.

Wale walioomba kwa Social Security wanaweza kutumiwa fomu ya kuhakiki, SSA-1026, na wana siku 30 kuirudisha.

Kwa msaada wa kujaza, kila jimbo lina washauri wa SHIP, bure, wasiouza bima yoyote. Kuomba msaada wowote kati ya hii hakulipiwi, na anayepiga simu akitaka namba ya kadi ya Medicare "akuongezee faida" mkatie simu. Social Security inapatikana kwa 1-800-772-1213. Mashine ikiongea Kiingereza, nyamaza usikate; mtu akipokea sema maneno mawili tu, "Swahili interpreter", kisha subiri, hata kimya kikiwa kirefu. Mkalimani ni bure. Mjukuu wa miaka 12 asitumwe kazi hiyo, wa kwetu alitafsiri swali la akiba kama "una pesa?", na bibi, kwa adabu, akajibu kwamba Mungu amemjalia.